Upepo Si Adui wa Kitabu

Msomaji, uko uonevu mwingine ambao hautajwi kwa jina lake kwa sababu hutendwa na watu wema. Mzazi mwema huutenda, mwalimu mwema huutenda, na kila mmoja wao hulala usiku akiwa na moyo mtulivu. Uonevu ninaotaka kuushitaki mbele yako ni ule wa kumpokonya mtoto tiara yake, au ndege yake ya karatasi, na kuivunja, ati kwa sababu inampotezea wakati. Nauita uonevu kwa kuwa humwondolea mtoto kitu chenye thamani bila ya kumpa fidia, na kwa kuwa mwenye kuutenda hajui alichokivunja. Nasema hivi bila ya kujitoa katika lawama, maana mimi mwenyewe nimeutenda. Kisa changu nitakieleza mahali pake. Kwanza nataka uione nchi ambamo jambo hili hutendeka, kwa sababu hoja yangu imejengwa juu ya nchi hiyo.

Ukitoka Likoni kwa barabara ya kusini, ukafika Kombani ukakata kulia kuelekea Kwale, utaona kuwa nchi inainuka. Nyuma yako hubaki minazi, mikorosho na bahari. Mbele yako husimama Milima ya Shimba, ambayo sehemu zake za juu hupita mita 400 toka usawa wa bahari. Si milima mirefu kwa mtu aliyeuona Kilimanjaro. Lakini imesimama mahali pema, kwa sababu kati yake na Bahari ya Hindi hapana mlima mwingine wa kuukinga upepo. Kusi lianzapo kuvuma, kadiri ya mwezi wa Aprili, na kuendelea mpaka Oktoba, huja toka kusini-mashariki likiwa limevuka maji matupu. Hupita juu ya Msambweni, Gazi na Diani, kisha hugonga ubavu wa milima. Upepo hauwezi kupenya mlima, wala hauwezi kurudi ulikotoka, maana upepo mwingine unausukuma kwa nyuma. Hauna budi kupanda. Upandapo hupoa, na mvuke wake hugeuka wingu. Ndiyo sababu milima hii hupata mvua na ukungu katika siku ambazo pwani ni kavu.

Mkulima wa Kwale hula matunda ya upepo huo, na mwewe hutembea juu yake. Simama siku moja penye ukingo wa mlima wakati wa kusi, ukamtazame mwewe. Mabawa ameyatandaza, hayapigi, wala hashuki. Kwa kweli anashuka, kama kila kitu chenye uzito kishukavyo. Lakini hewa iliyomchukua inapanda kwa kasi kuliko yeye anavyoshuka, na kwa hiyo huonekana ametundikwa mbinguni kwa uzi usioonekana. Hiyo ndiyo siri yote ya kuruka bila ya mashine. Mwewe huijua kwa maumbile yake, na mtoto mchunga mbuzi aliyelala chali majanini amekwisha jua nusu yake kwa kumtazama tu.

Nusu ya pili ya siri hiyo mtoto huitafuta kwa mikono. Huchukua chelewa za kuti la mnazi, akazichonga mpaka ziwe nyepesi na sawa. Huzifunga msalaba, akatandaza juu yake karatasi ya gazeti. Zamani watoto walitumia pia mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya mwezi wa Agosti 2017, nao hawakulia. Walirudi kwenye karatasi. Gundi huitoa katika uji wa muhogo au utomvu wa mkorosho. Uzi ni mshipi wa kuvulia ulioachwa na baba au mjomba. Mkia ni vitambaa vilivyofungwa kimoja baada ya kimoja. Kazi hii yote haigharimu hata shilingi kumi. Lakini kila kiungo chake ni swali. Tiara ikizunguka kama pia, mkia ni mfupi. Ikikataa kupanda, mkia ni mrefu mno au karatasi ni nzito. Ikilala upande, chelewa moja ni nene kuliko mwenziwe. Kamba za kifuani zikifungwa chini mno, tiara hulala chali. Zikifungwa juu mno, hulegea. Mtoto huyajua haya yote bila ya kuambiwa, kwa sababu upepo humjibu papo hapo.

Sasa na tuwasikilize wale wanaosema kuwa haya ni upuuzi. Hoja zao ni nne, nazo nitazijibu moja moja, maana si haki kumshinda mtu ambaye hukumpa nafasi ya kusema.

Hoja ya kwanza ni kwamba mchezo huu huiba wakati wa masomo. Husema kuwa mtihani hauulizi habari za tiara, na kwamba mtoto aliyeshinda kilimani hawezi kushinda darasani. Hoja hii ina sura ya busara, lakini haijui historia ya elimu inayodai kuilinda. Elimu ya kuruka, ambayo leo imeandikwa katika vitabu vya fizikia na kuulizwa katika mitihani, haikuanza ndani ya kitabu. Ilianza kilimani. Mwaka 1804 Mwingereza mmoja, jina lake George Cayley, aliifunga tiara juu ya mti mrefu mwembamba, akaweka mkia nyuma yake, akaiachia itelemke toka juu ya kilima. Alikuwa mtu mzima wa miaka 30. Katika kitu hicho, ambacho mwalimu wa leo angekipokonya, ulimwengu ulipata umbo la ndege kama tulijualo: bawa mbele, mkia nyuma.

Baada yake alikuja Mjerumani Otto Lilienthal. Huyu alitumia miaka mingi kuwatazama korongo, akapima mabawa yao, akaandika kitabu mwaka 1889. Walakini hakutosheka na kuandika. Toka mwaka 1891 alianza kuruka yeye mwenyewe kwa mabawa ya miti na kitambaa, na mwaka 1894 alijengesha kilima karibu na mji wa Berlin ili apate mahali pa kuanzia kila upepo uvumapo. Tafakari neno hili, msomaji: mtu alijenga kilima kwa sababu hakuwa nacho. Sisi wa Kwale tumepewa milima bila ya kuchimba hata jembe moja, nasi tunawafukuza watoto waishuke.

Wako pia Wilbur na Orville Wright wa Marekani. Walipokuwa watoto, mwaka 1878, baba yao aliwaletea mchezo mdogo uliorushwa kwa mpira uliosokotwa. Ulivunjika, wakatengeneza mwingine. Walipokuwa watu wazima, mwaka 1899, walirusha tiara ili kujaribu njia ya kuongoza mabawa. Mwaka 1900, 1901 na 1902 walikwenda pwani yenye vilima vya mchanga na upepo mwingi, wakaruka huko na ndege zisizo na mashine. Ni baada ya hayo tu walipotia mashine, na Desemba 17, 1903 ndege yao iliruka kwa sekunde 12. Baba yule angaliuvunja mchezo wa wanawe na kuwaamuru warudi vitabuni, yamkini dunia ingalipata ndege kwa njia nyingine. Lakini wanawe wasingalikuwa wale tunaowajua.

Iko sababu nyingine ya kukataa hoja hii, nayo kwangu ni kubwa kuliko historia. Mwanafunzi anaweza kulinakili jibu la jirani yake na kupata alama zile zile. Anaweza kukariri maneno asiyoyaelewa, nasi walimu tukamsifu. Lakini hakuna awezaye kunakili mruko. Tiara iliyofungwa vibaya haipandi kwa ajili ya jina la baba yako, wala kwa ajili ya sare yako safi, wala kwa ajili ya mwandiko wako mzuri. Upepo haupokei rushwa, na hausahihishi kwa upendeleo. Katika nchi inayolia kila mwaka kwa udanganyifu wa mitihani, je, si afadhali watoto wetu wawe na mwalimu mmoja asiyeweza kudanganywa?

Hoja ya pili ni kwamba mchezo huu ni utoto, na kwamba kijana wa shule ya sekondari anapaswa kuuacha kama alivyoacha kunyonya. Nimekwisha kukutajia umri wa Cayley. Lilienthal alikuwa amepita miaka 40 alipoanza kutelemka vilima. Na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipozuiwa kujenga ndege za vita, wanafunzi wa vyuo vikuu vyao walikwenda mwaka 1920 juu ya mlima uitwao Wasserkuppe wakiwa na ndege zisizo na mashine. Mwaka 1922 mmoja wao, Arthur Martens, alikaa angani zaidi ya saa moja kwa nguvu ya upepo uliopanda ubavu wa mlima, upepo ule ule umshikao mwewe wetu. Mwaka 1937 ndugu mapacha wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege ndogo isiyo na mtu ndani yake, wakaiongoza toka chini kwa redio. Siku hizi, katika nchi nyingi, wazee kwa vijana hupanda vilimani siku za mapumziko na ndege ndogo za namna hiyo zisizo na mashine, wakazitupa upepuni na kuzielekeza kwa kisanduku kilicho mkononi. Hapana anayewaita watoto.

Mimi pia nimeujaribu mchezo huo, na sioni haya kusema. Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, walimu wenzangu wawili na mimi tulipanda mahali pa malisho ya mbuzi, nje ya hifadhi, tukiwa na ndege ya urefu wa mita moja na nusu toka ncha ya bawa mpaka ncha. Tuliitengeneza kwa maboksi meupe mepesi ambayo wauza samaki huyatumia kwa barafu, tukayatia nguvu kwa ufito wa mwanzi. Ndani yake mlikuwa na betri, kipokezi cha redio, na vijimashine viwili vidogo: kimoja cha kuvuta usukani kulia na kushoto, kimoja cha kuinua na kushusha mkia. Mashine ya kuisukuma mbele haikuwamo. Tulikuwa tumekwisha uliza habari za ruhusa na kuipata. Tukaitupa. Iliinua pua, ikasita kidogo, ikaanguka kama jiwe. Tukaitupa mara ya pili, ikawa vile vile. Walimu watatu wenye vyeti walisimama wakijadiliana juu ya kanuni za mabawa.

Kijana mmoja mchunga mbuzi, aliyekuwa amekaa kando kwa adabu, akasema, "Shikamooni, walimu. Nafikiri pua yake ni nyepesi."

"Umejuaje, mwanangu?" nikamwuliza.

Akajibu, "Hata tiara, ikitazama juu mno, hulala chali."

Tukafunga msumari puani. Ndege ikatoka mkononi mwangu, ikatelemka kidogo mpaka nikafikiri imekwisha, kisha ukingoni mwa mlima ikaokotwa na kusi, ikapanda. Ilikaa juu yetu kwa kadiri ya dakika kumi, kimya, ikigeuka pale tulipoiambia igeuke. Kijana yule hakupiga makelele. Aliitazama kama mtu atazamaye kitu alichokuwa akikijua siku zote, ila hakupata bado mtu wa kumwambia. Tulipompa kisanduku akishike, wenziwe watatu wakaja mbio toka kwenye mbuzi wao, na mmoja wao alikuwa dadake. Msichana huyo ndiye aliyetangulia kugundua kwamba ndege ikivuka nyuma ya ukingo hushuka ghafla, kwa maana upepo ukishapita juu ya mlima huporomoka upande wa pili. Hapana kitabu alichokisoma.

Hoja ya tatu ni kwamba mambo haya ni anasa za wageni na matajiri, si ya watu wetu. Kwa hoja hii nakuomba, msomaji, ushuke nami mpaka Diani. Huko utawaona wageni waliovuka bahari na nchi, wamefungwa tiara kubwa viunoni mwao, wanakokotwa na upepo juu ya maji. Utawaona wengine wakishuka toka angani kwa miamvuli mpaka mchangani. Hulipa fedha nyingi kwa furaha hiyo, nasi twaisifu kuwa ni utalii, twaandika ripoti juu ya faida zake. Mwendo mfupi toka hapo, mtoto wa Ukunda au wa Mwabungo aliyefunga tiara ya gazeti kwa upepo ule ule huambiwa ni mvivu. Je, upepo huwa na maana pale tu mgeni aununuapo? Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Sisi mcheza kwetu twamchapa.

Tena si kweli kwamba elimu ya upepo ni ngeni kwetu. Mvuvi wa Msambweni, wa Gazi au wa Vanga hahitaji kufundishwa tofauti ya kusi na kaskazi. Anaujua umande utokao bara alfajiri, naye huutumia kutoka. Anaujua matlai utokao baharini, naye huutumia kurudi. Anaijua tanga mbili, majira ambayo pepo hazina msimamo na mwenye busara hasafiri mbali. Anajua kwenda joshi, yaani kukata upepo wa mbele kwa kuliweka tanga kwa pembe iliyo sawa. Tanga la ngalawa na bawa la ndege ni ndugu. Yote mawili hugeuza upepo uvumao upande mmoja kuwa nguvu ya kwendea upande mwingine. Mjukuu wa mvuvi arushapo tiara haigi mgeni. Anasoma urithi wa babu yake kwa herufi nyingine. Na sisi, tukiuvunja urithi huo, tunamlazimisha ajifunze habari za upepo upya siku za baadaye katika kitabu cha mtu mwingine, kana kwamba kwao haukupata kuvuma.

Hoja ya nne ndiyo yenye uzito, nayo ni hatari. Sitaidharau. Lilienthal, niliyemsifu, alianguka na ndege yake Agosti 9, 1896, akafa siku ya pili yake. Mtoto anayekimbia akitazama juu haoni gari. Uzi uliolowa ukigusa nyaya za umeme huweza kuua. Ukingo wa mlima haumsamehi aliyejisahau. Ndege ndogo nayo haitakiwi kuruka karibu na uwanja wa Ukunda, ambako ndege zenye watu hutua na kuondoka. Hifadhi ya Shimba, iliyowekwa mwaka 1968, ni nyumba ya tembo na palahala, na kuingiza vyombo vya angani humo bila ya idhini ni kuvunja amani ya mwenye nyumba. Makaya yetu, kama Kaya Kinondo, ni mahali pa heshima, si pa michezo. Na anayetaka kurusha chombo kiongozwacho kwa redio sharti aulize kwanza masharti ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, kwa sababu anga lina sheria kama barabara.

Lakini jibu la hatari ni mafunzo. Bahari imewameza watu wengi kuliko kilima, wala hapana mtu wa Msambweni aliyewahi kusema kuwa dawa yake ni kuwakataza watoto wasijue kuogelea. Mtoto aliyekatazwa huenda peke yake, kwa siri, mahali pabaya. Mtoto aliyeruhusiwa huenda na wenzake, mahali palipochaguliwa, na mtu mzima akiwa karibu. Hatari kubwa katika mchezo huu huletwa na upweke, na upweke huletwa na sisi tuukatazao.

Katika neno hilo la wenzake imo faida ambayo washitaki hawaitaji kabisa. Mchezo huu haufanywi na mtu mmoja. Mmoja hushika tiara mbali, mwingine hushika uzi. Mmoja huangalia anga, mwingine huangalia njia. Aliye kilimani na ndege ya redio huhitaji rafiki wa kuitupa, na rafiki wa kumwambia kuwa nyuma yake kuna watu. Ikianguka bondeni wote huteremka kuitafuta, na hapo hakuna mtoto wa tajiri wala wa maskini. Yupo aliyeiona ilikoangukia na asiyeiona. Wasichana nao wana macho na mikono, na ni dhuluma juu ya dhuluma kuwaambia kuwa kazi yao ni kubeba maji wakati kaka zao wanapouliza maswali ya mbinguni. Tumezoea kuwafundisha watoto umoja kwa hotuba. Kilima huwafundisha kwa haja.

Sasa nitakieleza kisa changu, kama nilivyoahidi. Nilipokuwa mwalimu mgeni, nimetoka chuo cha ualimu na joto la cheti likiwa bado mfukoni, nilifundisha katika shule ambayo sitaitaja. Siku moja, katika saa ya hesabu, nilimwona mvulana wa kadiri ya miaka kumi na miwili ameinama chini ya dawati. Nilimwendea. Mikononi mwake mlikuwa na tiara ndogo ambayo alikuwa akiipima mkia kwa rula. Nilifundishwa kuwa darasa lisilo na utulivu ni aibu ya mwalimu. Niliichukua, nikaivunja chelewa mbele ya wenziwe, nikairarua karatasi, nikatupa vipande katika kikapu. Darasa lilicheka. Mvulana hakulia wala hakujibu. Alikaa sawa, akafungua kitabu, akafanya hesabu zote kama nilivyotaka.

Mwisho wa juma nilikusanya madaftari ili nisahihishe. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari lake nilikuta picha sita za tiara zilizochorwa kwa penseli. Chini ya kila picha aliandika urefu wa mkia kwa sentimita, na kando yake neno moja au mawili: "imezunguka", "imeanguka", "imepanda kidogo", "imezunguka kidogo". Katika kila picha alikuwa amebadili kitu kimoja tu, na vingine ameviacha vile vile. Chini kabisa aliandika namba saba, akaweka mstari, na mbele ya mstari hapakuwa na kitu.

Msomaji, nilikuwa nimesoma miaka mingi kabla ya kuelezwa kuwa mtu atafutaye ukweli hubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuandika yatokeayo. Mvulana yule aliligundua peke yake, kwa chelewa na gazeti, nami niliivunja tiara ya saba. Nilitaka kumwita niseme naye, lakini nilichelea kushusha cheo changu, nikaahirisha. Na muhula ulipokwisha jamaa zake walihama, wala sikumwona tena. Mstari ule mtupu ungali mbele ya macho yangu. Wahenga walisema: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Kilichokuwa kwangu takataka ya darasani kilikuwa kwake bahari nzima, nami niliimwaga kwa sababu nilikuwa mrefu kuliko yeye.

Wako watakaosema kuwa mambo yamekwisha badilika, maana mtaala wa umilisi ulioanza kutumika katika shule zetu mwaka 2019 hutaka mtoto ajifunze kwa kutenda. Nafurahi kwa maneno hayo. Lakini maneno ya mtaala ni mbegu, na mbegu huota kwa kupandwa. Mara nyingi bado nikiwatembelea walimu huona kuwa tendo huruhusiwa likiwa limeandikwa katika ratiba, na tendo lile lile huitwa utundu likitokea kwa hiari ya mtoto. Tunataka mtoto avumbue, ila avumbue saa nne na nusu, Jumanne, na kile tulichomwagiza akivumbue.

Nchi yetu si ngeni katika mambo ya mbinguni. Toka Ngomeni, upande wa kaskazini wa Malindi, roketi zilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini toka mwaka 1967 mpaka 1988, na moja yao, siku ya Desemba 12, 1970, ilichukua chombo kilichopewa jina la Uhuru, kilichokwenda kupeleleza mionzi ya nyota. Kazi ile iliongozwa na Wataliano pamoja na Wamarekani, nasi tulitoa mahali na jina. Aprili 15, 2023 setilaiti iitwayo Taifa-1, iliyobuniwa na Wakenya, ilipelekwa angani kwa roketi ya Marekani. Hatua hiyo ni njema. Lakini watakaopiga hatua ya mbele yake wako wapi leo? Yamkini mmoja wao yuko Golini au Lungalunga, chini ya dawati, na rula mkononi.

Sisemi mtoto aache kitabu. Asiyesoma hatajua alichokwisha kukijua mwenziwe, naye atapoteza maisha yake akigundua gurudumu. Nasema kwamba kitabu na kilima ni mikono miwili ya mtu mmoja, na anayekata mmoja asijisifu kuwa ameupa nguvu ule uliosalia. Shule iliyo karibu na mlima na itoe saa moja kwa juma wakati wa kusi. Mwalimu aende na wanafunzi, wachague mahali salama, kila kundi litengeneze tiara yake na kuandika mambo yake kama alivyoandika mvulana yule. Shule yenye uwezo inaweza baadaye kuwa na ndege moja ya redio, ya wote, kwa ruhusa ya wenye mamlaka. Gharama ya kuanza ni chelewa, gazeti na uji wa muhogo. Anayesema hana fungu la fedha la kununulia vitu hivyo anatafuta sababu.

Nawe, msomaji kijana, usidhani kuwa haya yanawahusu wazee peke yao. Miaka michache ijayo utakuwa mzazi, au mwalimu, au mkubwa wa mahali fulani, na siku moja utachoka, na mtoto atakuja mbele yako na kitu cha karatasi mkononi. Kwale ni jina la mji wetu. Ni jina pia la ndege ambaye hupenda zaidi kukimbia majanini kuliko kuruka, ingawa Mungu amempa mabawa. Siku hiyo kabla ya kunyosha mkono wako, muulize mtoto swali moja: "Hii ni ya ngapi, na zilizotangulia zilifanya nini?" Kisha msikilize mpaka amalize.